Wageni Waliokuja Kunyamaza

Kabla ya kufanya kazi jikoni kwao, Wayahudi niliwajua kwa Biblia tu. Nilitarajia kanzu, ndevu na fimbo. Nikakuta vijana wamevaa kaptula katikati ya baridi ya Buffalo, wanakula wamesimama, wanaacha vikombe kila mahali kama watoto wangu mwenyewe. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani, mtaa wa Riverside, nikamwambia mume wangu kwamba wana wa Israeli hawajui kuosha sahani. Alicheka mpaka akashika ubavu.

Ilikuwa nyumba kubwa kule Amherst, nje kidogo ya Buffalo, karibu na chuo kikuu, ambamo wanafunzi Wayahudi walikutana kusali, kusoma na kula pamoja Ijumaa jioni. Walioisimamia walikuwa rabi wao, mtu mpole, na mkewe, ambaye hakuwa mpole hata kidogo. Mwanamke mfupi, sauti kubwa. Tulipatana upesi kwa sababu sote wawili tulikuwa na midomo. Ndiye aliyenifundisha lile jiko: vyombo vya nyama huku, vya maziwa kule, maana dini yao hairuhusu viwili hivyo vikutane, sinki mbili, vijiko vyenye alama nyekundu na vyenye alama ya buluu, na ole wako uvichanganye. Wenzangu waliotangulia walikuwa wameacha kazi kwa sababu ya hivyo vijiko. Mimi sikuona ajabu. Mama yangu naye alikuwa na sufuria ya samaki ambayo hatukuruhusiwa kuchemshia hata maji.

Nimeshamtaja mama, basi nisizunguke.

Sisi ni watu wa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, kusini ya Uvira. Vita vilipotufikia tukavuka kwenda Tanzania, tukalelewa kambini, kaka yangu na mimi, na mama akitutafutia. Baba alikuwa ameshafariki. Miaka ikapita mingi. Kesi yetu ya kwenda Amerika ilipofunguliwa, mama akasema sisi twende, yeye anarudi kwake. Tulilia, tukambembeleza, mchungaji akaja kumsemesha. Wapi. Alifunga nguo zake, akarudi kijijini, akajijengea nyumba palepale kwenye kona ya mto, mahali ambapo nyumba yetu ya zamani ilikuwa imechomwa.

Sisi tukatua Louisville. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Shively, kwenye barabara ambayo haina mtu anayetembea kwa miguu isipokuwa sisi. Kaka akaingia kazi ya ghala, mimi nikawa nahudumia wazee. Baadaye mtu akamwambia Columbus ghala zinalipa vizuri, akahama. Mimi nikaolewa, mume wangu akaambiwa Buffalo nyumba ni rahisi, tukahama. Ndivyo watu wetu wanavyoishi Amerika: mmoja anasema kule ni afadhali, na kabla hujakaa sawa nusu ya kwaya imeshapakia magodoro.

Kaka yangu ni mkubwa wetu. Namwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu kwetu, na tangu baba alipokufa yeye ndiye mwenye kusema katika ukoo. Ana kichwa kigumu, na nisingependa asikie nimesema hivyo. Kule Columbus alipanga nyumba yenye chumba cha ziada. Akanunua kitanda, akakipanga humo, na godoro lake akaliacha ndani ya plastiki. Hicho kilikuwa chumba cha mama. Kwa simu, mwaka hadi mwaka, alikuwa amemlainisha mpaka akakubali kuja, na karatasi zake zilikuwa zinatembea polepole kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Tulipokwenda kumtembelea, watoto wangu walikatazwa hata kukaa kwenye kile kitanda.

Kisha mvua ikanyesha kule milimani.

Ule mto wetu ni mto wa kufulia nguo. Wakati wa kiangazi unauvuka na ndala mkononi. Siku hiyo uliteremka na mawe, na miti mizima, na matope, ukapita katikati ya kijiji kama barabara mpya. Binamu yangu alipiga simu. Alisema kwenye kona hakuna nyumba tena, kuna mawe makubwa tu, na mtu akisimama pale hawezi hata kujua uwanja wa mama ulikuwa upande gani. Waliookotwa chini karibu na ziwa walikuwa wengi. Mama hakuwa miongoni mwao.

Kaka akasema hajaonekana, basi hajafa. Labda alikuwa amepanda shambani kwake juu mlimani. Labda alikimbilia kijiji cha pili. Mama ana miguu, alisema. Wiki zikapita, na kila nilipopiga simu alinipa labda nyingine.

Lazima nieleze jambo hili, la sivyo hamtanielewa. Kwetu msiba hutangazwa na mkubwa wa familia. Mpaka yeye aseme, hakuna msiba. Hutandiki mkeka, hupigi yowe, watu hawaji kukaa nawe. Kwa hiyo kanisani kwetu Riverside kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Walinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, halafu wakazungumza habari za theluji. Nami nikajibu kwamba ndiyo, mwaka huu imewahi. Nilikuwa na hasira nao, nilikuwa na hasira na kaka, na usiniulize kama nilikuwa na hasira na mama pia, kwa kurudi kukaa kwenye kona ya mto. Nilikuwa nayo. Sikuwa nimelia hata mara moja.

Kazini nilikwenda kama kawaida. Katika televisheni mafuriko yetu hayakuwamo. Majira ya kuchipua yaliyotangulia kulikuwa na tetemeko la ardhi Nepali, na lile lilionekana kila mahali, na wale wanafunzi waliunda kikundi cha michango, wakaoka mikate ya kuuza kwa ajili yake. Ile mikate yao ya Ijumaa, ya kusuka. Waliisuka vibaya hadi nikawahurumia, nikaweka ufagio chini nikawasaidia. Kila walipokanda unga, kabla ya kuoka, walikata kipande kidogo wakakichoma hadi kikawa makaa. Nilidhani ni uzembe, nikasema. Mke wa rabi akanijibu kwamba hicho kipande si chao, ni fungu linalotengwa, na zamani lilikuwa la makuhani. Halikuniingia akilini, maana nimekulia mahali ambapo unga hauchomwi.

Kiongozi wa kile kikundi cha michango alikuwa msichana mrefu mwenye miwani, ambaye aliongea haraka lakini alikuwa na tabia moja nzuri: akikuuliza hujambo, alisubiri jibu. Siku moja alinikuta kwenye sinki ya nyama, bomba limefunguliwa, na mimi nimesimama tu natazama maji yanavyokwenda. Akafunga bomba. Akauliza. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha jikoni na nyumba za wazee, kwamba mto umechukua kijiji chetu na mama yangu hajaonekana. Sikumwomba chochote. Nilimwambia kwa sababu aliuliza na kaka yangu hakuwa karibu kunikataza.

Alhamisi iliyofuata jiko lote lilikuwa unga. Walikuwa wamebandika ramani ya ziwa letu mlangoni. Waliuza mikate nje ya maktaba, kwenye baridi inayopasua midomo, wakaenda katika masinagogi ya wazazi wao kuzungumza, wakawapigia simu shangazi zao wasiokuwa na haraka. Kijana mmoja alisimama na gitaa akiimba, na nadhani watu wengi walitoa pesa ili anyamaze. Mimi nilisuka mikate. Nilisuka mingi mno, mikono ikauma, na ilikuwa afadhali kuliko kukaa.

Michango ilipokamilika, yule msichana na mke wa rabi waliniita nikae nao mezani. Niliogopa, kwetu ukiambiwa kaa, kuna jambo. Walinieleza kwamba pesa zingepitia kwa akina mama wa kanisa la kijijini kwetu, waliokuwa wanawapikia walionusurika. Na akina mama hao walikuwa wamejibu kwamba hazitoshi kwa yote. Kuna wajenzi wa barabara wenye katapila, wangekubali kukodishwa, wakatoe yale mawe pale kwenye kona, wafu waliobaki chini yake watolewe na kuzikwa. Au zinunue masufuria, blanketi na maturubai kwa wale wanaolala shuleni. Moja au lingine.

Msichana akasema wao wamekaa Amherst, hawawezi kuwachagulia watu wa kule. "Ni kwenu," alisema. "Wewe ungetaka tufanye nini?"

Nilitaka katapila. Nalisema hili wazi, maana watu wamenisifu baadaye kwa jambo ambalo moyo wangu haukulitaka. Niliiona ile mashine inanyanyua jiwe moja, inaweka kando, inanyanyua jingine. Niliona kitambaa cha mama. Tungekuwa na kaburi. Kaka angeona picha ya kaburi, na yale malabda yangeisha.

Halafu nikawakumbuka watoto waliolala darasani, na kwa hao nikakumbuka siku zetu za kwanza kambini. Hatukuwa na sufuria. Mama alikuwa na maharage, alikuwa na kuni, na hakuwa na kitu cha kupikia. Alikwenda kwa jirani kuazima, na jirani alikuwa bado anapika, akamwambia asubiri. Mama akakaa chini mlangoni kwa mtu, na sisi nyuma yake, tukinusa chakula cha wengine. Hakuwa mtu wa kuomba. Niliiona shingo yake kwa nyuma, ilivyosimama. Nilikuwa mdogo sana, lakini naikumbuka.

Sikuwajibu kwanza. Nilimgeukia mke wa rabi nikamuuliza: kwao, mtu akichukuliwa na maji asionekane, wanakaa matanga lini?

Aliweka mikono yake miwili juu ya meza. Akasema sheria yao imelifikiria hilo. "Hatuhesabu tangu siku ya maji," alisema. "Tunaanza siku ambayo familia imekata tamaa ya kumpata wamzike."

"Na nani anasema kwamba wamekata tamaa?"

"Wenyewe," akasema.

Nikafuta unga uliobaki mezani kwa kiganja.

"Nunueni masufuria," nikasema. "Na blanketi."

Msichana akaandika, akanishukuru. Mke wa rabi hakunishukuru. Alikuwa ameelewa nilichosema. Alizunguka meza, akafungua kamba za aproni yangu kwa nyuma kama unavyomfungulia mtoto, akaitundika, akaniambia niende nyumbani nisirudi mpaka wiki ipite, maana kwao matanga ni siku saba.

Nilimpigia kaka siku ileile. Alikuwa kwenye mapumziko, nilisikia mashine za ghala nyuma yake. Nilimweleza yote, na sikumficha kwamba mimi ndiye niliyechagua.

"Bon," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, chenye Kifaransa ndani yake. "Donc weye umemuzika mama na masufuria."

"Yaya, batu banalala chini."

"Na mama, yeye analala wapi?"

Akasema anakuja kuzima huo upuuzi, na kwamba mtu yeyote atakayetia mguu nyumbani kwangu kusema pole, atamtoa nje kwa mikono yake.

Hata hivyo nilitandika mkeka. Niliondoa meza ndogo ya sebuleni, nikatandika, nikakaa chini, nikafunga kitambaa kichwani. Mume wangu aliniuliza kama yaya ameruhusu. Nikamwambia hapana. Akaingia jikoni akakaa humo, maskini, hakujua awe upande gani. Wa kanisani hawakuja. Walifanya sawa kwa desturi yetu na sikuwalaumu. Kusema kweli niliwalaumu sana.

Jumapili mchana nikasikia magari. Mlango ukasukumwa bila kubishwa, wakaingia wale wanafunzi, kundi zima, yule msichana mbele, wavulana na vile vikofia vyao vidogo vya utosini. Hakuna aliyesema hujambo. Waliweka mezani mayai ya kuchemsha na mkate, wakatafuta pa kukaa, wengine kwenye viti, wengine sakafuni kando ya ukuta. Wakakaa. Wakanyamaza.

Nikasubiri pole. Kwetu mgeni wa msiba ndiye anayefungua: anasema pole, anasema jikaze, anasema Mungu ametoa, na wewe ndipo unapata pa kuanzia. Nikasubiri. Hawakusema kitu. Walitazama mikono yao. Mmoja alitazama kapeti yangu mpaka nikajiuliza ina nini. Niliinuka nikawaletea ndizi na maji katika vikombe vya karatasi, kwa sababu sheria zao za vyombo nilizijua kuliko baadhi yao, nikarudi mkekani. Wakala ndizi, kimya. Binti yangu akaninong'oneza kwa Kiingereza, akiuliza kwa nini wametukasirikia. Mimi nilifikiri labda pesa zimepotea. Nilifikiri labda nilichanganya vijiko. Mtu unatoka Amherst, unakuja Riverside, unaingia nyumba yenye msiba, halafu unakosa hata neno pole?

Mke wa rabi ndiye aliyenieleza baadaye, na alishika kichwa chake aliposikia. Kwao mfiwa ndiye anayeanza. Mgeni haruhusiwi kumsemesha mpaka yeye mwenyewe afungue kinywa. Wale watoto walikuwa wananiheshimu kwa namna kubwa kabisa waliyoifahamu. Walikuwa wananingoja mimi, na mimi nawangoja wao.

Katika hali hiyo kaka yangu akaingia.

Alikuwa ametoka Columbus moja kwa moja na koti lake la kazi, lenye mistari inayong'aa. Taya lilikuwa limekaza. Nalijua lile taya tangu utoto. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Akasimama mlangoni akakuta dada yake chini kwenye mkeka, na watoto wa Kizungu wamemzunguka, hakuna hata mmoja anayesema.

"Hawa batoto ni ba nani?"

Nikamwambia ndio walionunua masufuria.

"Juu ya nini habasemi?" akataka kujua sababu.

"Sijui, yaya," nikasema. "Banangoja."

Akawatazama mmoja mmoja. Nilijua anachosubiri. Alikuwa amekuja kumtoa nje mtu atakayesema pole, maana pole ingekuwa ni kumzika mama. Alimsubiri atakayesema kwanza. Walimtazama, wakainamisha vichwa, wakaendelea kunyamaza. Hawakumpa kitu cha kukataa. Hakuna aliyemwambia mama yake amekufa, hakuna aliyemwambia ajikaze. Alisimama pale na maneno yake yote ya barabarani, na nikaona mikono yake haijui iende wapi.

Akavua viatu. Akakaa kwenye kiti karibu na mlango, na koti lake bado limefungwa. Baada ya muda akatoka kwenye kiti akaja mkekani, akakaa karibu nami, mabega yetu yakagusana. Alikuwa ananuka maboksi na baridi. Hatukutazamana. Mume wangu akasimama kwenye mlango wa jikoni, akatazama.

"Mama alikuwa anaogopaka maji," kaka yangu akasema.

Yule msichana akainua kichwa. Wote waliinua. Akaniuliza kwa sauti ndogo kaka amesema nini, nikamfasiria. Akamgeukia kaka, akamwomba, kama anaweza, aendelee.

Akaendelea. Alisimulia jinsi tulivyovuka ziwa kwenda Tanzania, mama alivyojifunika kitenge kichwa chote asiyaone maji. "Alinishika mukono mupaka tulifika," akasema. "Mie nilikuwa namwambia, mama, bado kidogo. Bado kidogo." Mimi nilikuwa nafasiria, sentensi kwa sentensi, na hapo nikashindwa. Hawakunihimiza.

Kaka alijifuta uso kwa mkono wa koti. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Leta simu."

Nikampa. Alimpigia kwanza mchungaji wetu wa zamani kule Louisville, aliyetupokea Shively, aliyekuwa ameiombea kesi ya mama miaka yote ile. Nikasikia simu inaita. Nikasikia sauti ya mzee inafurahi, inauliza habari za Columbus, habari za kazi. Kaka akajibu habari zote, nzuri, nzuri, kama inavyotakiwa. Halafu akasema, "Baba mchungaji, mama yetu ametutoka."

Ndipo nikapiga yowe. Lilitoka lote, tangu siku ya mvua, na majirani wa Riverside walilisikia hadi mtaa wa pili. Nilianguka juu ya magoti ya kaka yangu, naye simu ikiwa bado sikioni. Wale watoto hawakuwa wamewahi kusikia mtu akilia hivyo. Niliona mmoja ameshika ukuta. Lakini hakuna aliyeondoka. Yule msichana alishuka kwenye kiti akaja kukaa chini, ukingoni mwa mkeka, na kabla ya jioni, habari ikiwa imeshapita kwa simu, huko nje nikasikia gari la kwanza la watu wa kanisani likiegeshwa.